Mzigo wa Krismasi hadi Maragoli

KILA Desemba ikishavuka tarehe 15, jiji la Nairobi huanza kupungua watu. Vyumba vya Kawangware na Kayole hutiwa kufuli, wenye vibanda hupunguza mboga wanazoagiza, na nauli za kwenda mashambani hupanda, pengine hata maradufu, bila ya mtu yeyote kutoa tangazo. Abiria hunung'unika, halafu hulipa. Ni nani aliye tayari kuwaeleza watu wa kwao kwamba hakufika Krismasi kwa sababu ya nauli?

Na nauli, msomaji, ni nusu tu ya gharama. Nusu ya pili hupanda juu ya keria.

Siku mbili tatu kabla ya sikukuu, pitia pale Stendi ya Mabasi ya Machakos, ile ambayo wengi huiita Kantri Basi, ukaitazame mizigo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka wa 2017, kwa hivyo siku hizi huoni kilichomo ndani kama zamani, lakini mzoefu hahitaji kuona. Kile kirefu chenye pembe ni sabuni ya mche. Kile kinachobebwa kwa mikono miwili kama mtoto mchanga ni mikate. Kuna mchele wa Mwea, kuna unga wa ngano kwa ajili ya chapati, mafuta ya kupikia, majani ya chai, blanketi, leso mbili zilizokunjwa pamoja, na viatu vya mtoto ambaye miguu yake ilipimwa kwa kijiti kilichotumwa Nairobi tangu Agosti. Na sukari. Hakuna mzigo wa Krismasi usiokuwa na sukari.

Kila kitu hapo kina mwenyewe. Blanketi ni la babu, leso ni za shangazi, na ole wako ukimsahau yule mama jirani aliyekubeba mgongoni ulipokuwa mtoto. Hesabu hii hufanywa kitandani, usiku, kuanzia Novemba. Hesabu ikikataa, mtu huahirisha safari. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na nadhani methali hiyo imewazuia watu wengi mjini kuliko hata nauli yenyewe.

Basi je, Krismasi imekuwa sikukuu ya wenye mikono iliyojaa? Swali hilo nilisafiri nalo mwaka jana, Desemba 23, nilipopanda basi la asubuhi kwenda kwetu Maragoli, katika Kaunti ya Vihiga.

Kabla basi halijang'oa nanga aliingia mhubiri. Wasafiri wa Kantri Basi wanawajua watu hawa. Huingia na Biblia iliyochakaa, huiombea safari, hutoa neno fupi, kisha hupitisha kofia. Huyu wetu alihubiri habari za mamajusi katika Mathayo sura ya pili. Alisema walikuwa watatu, ingawa Mathayo hataji idadi yao. Hesabu hiyo tumeitoa kwenye zawadi zenyewe, yaani dhahabu, ubani na manemane. Akasema pia kwamba ni dhahabu ile iliyolipa nauli ya Yosefu na Mariamu walipomkimbia Herode kwenda Misri. Maandiko hayasemi hivyo. Lakini katika basi la Desemba, ambapo kila mtu ametoka kulipa nauli mara mbili, hakuna aliyebisha.

Mimi nilikuwa nawaza juu ya ubani. Wengi wetu tunaudhani kuwa kitu cha mbali, cha nchi za Biblia pekee. Kumbe ni utomvu wa miti ya nchi kavu, na baadhi ya miti hiyo, ya ubani na ya jamii ya manemane, huota Somalia na hata huku kwetu kaskazini, pande za Wajir, Mandera na Marsabit. Wafugaji huokota utomvu wake na kuuza. Zawadi mbili kati ya zile tatu zingeweza kutoka Kenya!

Kuna jambo jingine ambalo mhubiri alilipita mbio, na ndilo lililonikaa. Wazazi wale walikuwa watu wa hali ya chini. Luka anasimulia kwamba walipompeleka mtoto hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili, sadaka ambayo Sheria ya Musa iliwaruhusia wasioweza kumudu mwanakondoo. Watu kama hao wanaletewa dhahabu na wageni wasiowajua. Hatusomi kwamba Yosefu alikataa, wala kwamba alihangaika kutafuta cha kuwarudishia. Walipokea. Krismasi ya kwanza, ukiitazama kwa makini, ina watu wanaopokea zaidi ya wanaotoa, na mkubwa wao ni mtoto asiyekuwa na chochote isipokuwa nguo alizoviringishwa.

Kofia ilipopita, utingo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia sarafu.

Kando yangu aliketi mama mmoja wa makamo, muuza mitumba wa Gikomba, aliyekuwa akienda Majengo. Alikuwa amekataa katakata mzigo wake upandishwe juu, akaukumbatia magotini tangu Nairobi. Tulipofika Uthiru tulikuwa tumekwisha kuwa marafiki.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi nilikaa miaka minne bila kwenda nyumbani. Biashara ilikuwa mbaya. Kila Desemba nasema, mwaka ujao, nikiwa na kitu. Mama yangu ananipigia simu, 'Wewe njoo tu.' Namwambia nitakuja. Nitaendaje na mikono hivi?"

"Kisha mkapata, mkaenda?"

"Nilienda Machi. Nilienda kumzika."

Aliuvuta mzigo karibu zaidi. "Na siku hiyo nilifika mikono mitupu kweli kweli, hata mkate sikuwa nao. Unajua hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza nimeleta nini?"

Sikupata la kumjibu. Nje, dereva wetu alikuwa ameshika barabara ya chini, ile iteremkayo ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu.

Karibu na mwisho wa mteremko huo, kando tu ya lami, kuna kanisa dogo ambalo watu hulipita kila siku bila kuuliza habari zake. Nasema dogo kwa maana hasa, kwani watu wapatao 12 wakiketi limejaa. Lilijengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa kivita Waitaliano. Waingereza waliwateka katika mapigano ya Ethiopia na Somalia, wakawaleta huku Kenya, na baadhi yao wakapewa kazi ya kuchonga barabara hii kwenye mwamba. Barabara ilikuwa amri. Kanisa lilikuwa lao wenyewe.

Fikiria wafungwa hao walikuwa na nini. Hawakuwa na fedha, hawakuwa na nchi, na hata jua la siku nzima lilikuwa la mwenye kuwasimamia. Kwa mabaki ya saa zao walipanga mawe, wakajenga mahali pa kusalia, na vita vilipokwisha wakaliacha pale. Leo dereva wa lori mwenye mashaka na breki zake anaweza kuingia, akapiga magoti, akaendelea na safari. Hakuna bei mlangoni. Kama wewe ni mwanafunzi na utapita njia hiyo likizo hii, mwombe dereva apunguze mwendo ulione.

Nakuru tulisimama nusu saa. Mbele ya duka moja kubwa alikuwako kijana aliyevalia koti jekundu na ndevu za pamba, akitokwa na jasho kama mtu wa jikoni, na watoto wakipanga foleni kupigwa picha naye. Picha ilikuwa ya kulipia.

Sina ugomvi na kijana yule; alikuwa kazini. Lakini inafaa watoto wajue kwamba nyuma ya ndevu za pamba kuna mtu. Nikolasi alikuwa askofu wa Myra katika karne ya nne, mji ambao leo huitwa Demre, huko Uturuki. Masimulizi ya kale yanasema palikuwa na baba mmoja aliyefilisika, mwenye mabinti watatu. Kinyume cha desturi zetu, kule binti ndiye aliyetakiwa kwenda kwa mume na mali, na asiye na mali hakuolewa. Aliishia mahali pabaya. Nikolasi alikwenda usiku akatupa mfuko wa dhahabu ndani ya nyumba, akaondoka. Akafanya hivyo kwa kila binti. Mifupa yake ilihamishiwa Bari, Italia, mwaka wa 1087, na jina lake likasafiri hadi kwa Waholanzi, na kwa Waholanzi likavuka bahari hadi Marekani, ambako hatimaye alivishwa koti hili jekundu tunaloliona Nakuru.

Katika safari hiyo ndefu kilichopotea ni usiku. Nikolasi hakutaka baba yule amwone. Baba akimwona atalazimika kushukuru, na baba anayeshukuru mbele ya binti zake kwa sababu ameshindwa kuwalisha ni baba aliyevunjwa. Zawadi ile ilikuwa dhahabu na pia kuachiwa heshima. Sisi siku hizi tunatoa tukiwa tumewasha kamera.

Baada ya Mau Summit basi lilinyamaza. Tulikuwa tunakaribia makutano ya Londiani, mahali ambapo Juni 30, 2023 lori lililopoteza mwelekeo liligonga magari, wachuuzi na watu waliokuwa wakingojea usafiri, zaidi ya 50 wakafa. Mama wa Gikomba alifumba macho hadi tulipopita. Kisha ikaja Kericho na chai yake iliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi, na mvua ya alasiri, na baadaye joto la Kisumu lililotuamsha sote.

Kutoka Kisumu barabara hupanda hadi Kiboswa, na hapo ndipo mtu wa Maragoli huanza kukaa vizuri kitini. Jioni ile tuliupita msafara wa waumini wa Kanisa la African Israel Nineveh, lile lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka wa 1942. Walikuwa wamevalia kanzu nyeupe, wakipiga ngoma na kupeperusha bendera, wakienda kwa mwendo wa nusu kutembea nusu kucheza. Dereva aliwapisha bila kupiga honi. Majengo, mama yangu wa safari alishuka, mzigo kifuani. "Ni wa mama mdogo," alisema. "Huyu simngojei."

Kwa yule asiyejua kwetu, Maragoli ni vilima, mawe makubwa na watu. Hesabu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita mraba moja, idadi ambayo mikoa mingi ya mashambani haiisogelei. Mashamba yamegawanywa kutoka babu hadi mjukuu mpaka mengine hayazidi uwanja wa shule. Lazima ulijue hilo kabla ya kulipokea tunda la mtu. Mkungu wa ndizi hapa si kitu kilichozidi.

Ukristo wenyewe una historia ya kuchekesha kidogo upande huu kuhusu Krismasi. Mwaka wa 1902 Wamarekani watatu wa dhehebu la Marafiki, yaani Makweka, walifika Kaimosi, si mbali na hapa, wakaanzisha misheni. Sasa, Makweka wa zamani hawakuadhimisha Krismasi. Walishikilia kwamba kila siku ni ya Bwana sawa na nyingine, na kwamba sikukuu huwafanya watu wawe wema siku moja na kupumzika zilizosalia. Leo Kenya ni miongoni mwa nchi zenye Makweka wengi zaidi duniani, na ukimwambia Mkweka wa Vihiga kwamba Desemba 25 ni siku kama nyingine, atakuuliza kama umepatwa na homa. Hata hivyo, hoja ya wale wazee haikuwa ya kipuuzi, na nitaigusa tena.

Nyanya yangu aliupokea mzigo wangu mlangoni, akaufungua papo hapo, akasema asante mara moja tu. Kisha akaketi na kikombe cha kupimia. Nilikuwa nimeleta kilo 4 za sukari. Niliyoyaona baadaye ni watoto wakitumwa gizani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kifurushi kidogo cha gazeti. "Hii ya mama fulani. Hii ya yule mwenye mguu. Hii ya mlevi, lakini mpe mkewe." Nilipohesabu asubuhi, sukari yangu ilikuwa imefika nyumba tisa, na katika nyumba yetu ilibaki ya chai ya siku mbili.

Niliona uchungu, sikatai. Ile ilikuwa sukari yake. Lakini kwake yeye haikuwa imetolewa mpaka ipite.

Desemba 24 ndiyo siku ya nyama. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kenya, watu wa kwetu wana chama. Kila mwanachama hutoa Sh250 kwa mwezi, Januari hadi Novemba, jumla Sh2,750, na fedha hizo hununua fahali wa Krismasi. Wanachama ni 24, baadhi yao wakiishi Nairobi, Nakuru na Mombasa na kutuma mchango wao kwa simu. Alfajiri fahali huchinjwa chini ya mti wa parachichi, na nyama hupangwa kwa mafungu juu ya majani ya migomba. Kila fungu hupata kila kitu: mnofu, mbavu, ini kidogo, utumbo, mfupa. Ukiyatazama huwezi kuchagua. Kazi ya mgawaji ni kuhakikisha kwamba huwezi kuchagua.

Mafungu yalikuwa 25.

Kijana mmoja kutoka Nairobi, mwanachama wa mwaka wa kwanza, alihesabu, akahesabu tena, akauliza. Mwandishi wa chama alimweleza kwamba fungu la 25 halina jina. Huwekwa kila mwaka. Kijana hakuwa mtu mbaya, naomba nieleweke. Alikuwa amelipa miezi 11 bila kukosa, na nyama imepanda bei.

"Kuna watu hapa hawakutoa hata senti," alisema. "Sisi tunafunga mikanda mwaka mzima, halafu mtu analala tu na kuamka na kula?"

Wengine walinung'unika kumuunga mkono. Palikuwa na pendekezo kwamba fungu lile lirudishwe katikati, ligawanywe. Lingempa kila mtu kipande cha ukubwa wa kiganja. Wakati huo nilifikiri litapita; nyuso zilikuwa zimekubali tayari. Ndipo mzee aliyekuwa akigawa, akiwa bado amechutama na kisu mkononi, aliposema bila kuinua kichwa:

"Mwaka juzi lilichukuliwa kwenu."

Kijana alinyamaza. Baadaye niliambiwa kwamba mwaka huo baba yake alikuwa amelazwa, michango ilikatika, na nyama ilipelekwa nyumbani kwao baada ya giza kuingia. Yeye alikuwa Nairobi. Alipoambiwa kwa simu kwamba nyumbani wamekula Krismasi, hakuuliza nyama ilitoka wapi. Wala mzee hangeyasema asubuhi ile kama asingelazimishwa, na nilimwona usoni kwamba kuyasema kulimuudhi.

Katika Luka sura ya 14 Yesu anamwambia aliyemwalika kwamba anapofanya karamu asiwaite rafiki na jirani matajiri, maana hao watamwalika nao, na hapo atakuwa amekwisha kulipwa. Awaite wasioweza kulipa. Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura hiyo. Sijawahi kuyaona yakifanywa hesabu ya 24 na 25.

Lakini kisa cha nyama hakikuishia hapo. Fungu lisilo na jina lilipelekwa kwa bibi mmoja mjane anayeishi na wajukuu wawili upande wa mtoni. Saa sita mjukuu alirudi mbio na kibakuli. Ndani yake mlikuwa na mayai matatu, "ya chama". Mweka hazina alimwambia mtoto ayarudishe. "Mwambie bibi ayale. Yeye ndiye mhitaji, sisi tuna nyama tele." Alisema kwa huruma, na nadhani wengi wetu tungesema vivyo hivyo.

Mtoto aligeuka. Mzee akamwita. Alinawa damu mikononi, akayapokea mayai kwa mikono miwili, moja baada ya jingine, akauliza ni kuku gani aliyetaga, kama ni yule mwekundu. Ni yule mwekundu. "Mwambie bibi tumepokea," akasema. Mtoto aliondoka akirukaruka. Mayai yalichemshwa yakakatwa vipande, na kila aliyekuwapo akala chake, kidogo kisichofika hata kooni.

Tunapenda sana kisa cha mjane wa hekaluni katika Injili ya Marko, aliyetia senti zake mbili. Tunasahau kwamba Yesu alikuwa ameketi akitazama, na hakuinuka kumrudishia. Angeweza kusema, mama, kanunue unga. Aliiacha sadaka yake iwe sadaka. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema Waswahili, na siku zote tumedhani mwenyeji hupona kwa kile alicholeta mgeni. Inawezekana hupona pia kwa kupata mtu wa kumpa.

Krismasi yenyewe, ibada ilianza saa nne na kwisha saa tisa. Sitaisimulia yote. Baada ya sadaka ya fedha ulikuja mnada, kama ilivyo desturi katika makanisa mengi ya mashambani, ambapo aliyekosa fedha huleta kuku, ndizi au maharagwe, na vitu hivyo huuzwa pale pale. Yai moja lilipiganiwa na watu wawili wa mjini hadi likafika Sh700. Watu walishangilia, vigelegele vikapigwa, na aliyeshinda alisimama ili kila mtu amwone vizuri. Kuku alifika Sh3,000.

Naelewa kwamba mabati ya kanisa hayanunuliwi kwa unyenyekevu. Na aliyeleta lile yai, msichana wa darasa la saba hivi, alikuwa akicheka hadi machozi kwa jinsi yai lake lilivyogeuka mali. Siwezi kusema hakuna jema hapo. Ila nilikumbuka agizo la Yesu katika Mathayo kwamba mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kulia, nikakumbuka na wale Makweka wa zamani. Huyo mnunuzi wa yai, nilijiuliza, mwezi wa Februari, wakati wa karo, anapigiwa simu na nani, na anaishika?

Hiyo ndiyo habari ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, zawadi haihitaji keria wala Kantri Basi. Mtu yuko Kayole, anabonyeza, na nyanya yake anapata ujumbe. Baadhi ya wachungaji hulalamika kwamba hilo limeua Krismasi. Mimi sikubaliani nao. Fedha za dawa zinazofika Jumanne usiku katika mwezi usio na sikukuu zimekaribia dhahabu ya Nikolasi kuliko sukari yangu. Ubaya wake ni mmoja tu. Anayetuma kwa simu hapewi kitu. Hakuna awezaye kumtumia ndizi kwa ujumbe.

Tarehe 26, siku ambayo Waingereza waliipa jina kutokana na masanduku ya zawadi yaliyotolewa kwa watumishi na maskini, nilikuwa nikifunga virago. Nyanya alikuwa amekwisha kuweka mlangoni ndizi, maharagwe yaliyopimwa kwa gorogoro na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Nilianza kusema kwamba ni vingi mno. Nikayakumbuka yale mayai matatu, nikanyamaza, nikauliza jina la kuku.

Kisha akatoa kifurushi kingine, kidogo, kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Njugu karanga za kukaanga na kipande cha nyama iliyokaushwa juu ya moto tangu siku ya mafungu.

"Hiki si chako," alisema. "Ni cha yule kijana wa nyumba ya tatu, anayefanya kazi ya mjengo. Hajaja mwaka wa pili huu. Mama yake anasema kazi ni nyingi."

"Nyanya, kazi ni chache."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakupa wewe, sikumpa mama yake. Usimwambie ni mimi. Mwambie watu wa nyumbani."

Hakuwa na namba ya nyumba. Alichojua ni kwamba anakaa Kayole, karibu na tangi la maji, ghorofa ya juu kabisa, upande usiopata jua.